Jicho la Ndege wa Wafadhili

3 Machi

Mvua kubwa imeanza leo, na neema yangu nayo imeanza. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akanikaribisha kwenye kiti cha wazazi. Akasema uwanja mpya wa mpira, ule unaojengwa na wafadhili nyuma ya shule yetu, utafunguliwa mwisho wa Mei, na sisi tumechaguliwa kufanya halaiki.

Watoto mia sita watakaa kwenye jukwaa linalotazamana na jukwaa kuu, kila mmoja na kadi yake ya rangi. Nikipuliza filimbi wanazinyanyua kwa pamoja, na wageni walioko upande wa pili wanaona picha moja kubwa: ndege mweupe aliye kwenye bendera ya wafadhili.

"Kazi hii inataka mtu mkali," alisema. "Nimetazama huku na huku, sikuona mwingine ila wewe."

Sikujidai kushangaa. Wanafunzi wananiita Bi Mstari na wanadhani sijui. Najua, na nalipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi wangu. Mwalimu mkuu anastaafu mwaka huu, na kiti chake hakitakaa kitupu. Nimefundisha miaka chungu nzima chini ya watu wasioweza kupanga hata foleni ya choo. Safari hii sikubali.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Tumeingia uwanjani mara ya kwanza. Nisiseme uongo, ni mzuri. Jukwaa kuu lina paa na vioo, na mgongo wake umeelekezwa barabara kuu ili kila apitaye aione nembo ya waliotujengea. Jukwaa letu halina paa. "Halimo kwenye mkataba," aliniambia afisa wa wizara anayesimamia sherehe. Mimi namwita Bwana Itifaki. Ana viatu vyenye ncha na hakanyagi tope, hutuma mtu.

Viti vyetu vyote bado vina nailoni ya kiwandani, na ni marufuku kuitoa mpaka siku ya ufunguzi, wageni wakute kila kitu kipya. Maji ya mvua yanaingia chini ya nailoni na kutuama humo, kwa hiyo ukikaa, unakaa kwenye dimbwi. Vyoo ni vya kifahari, na vimefungwa kwa kufuli kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tutapona choo kikifunguliwa.

Msimamizi wa ujenzi ni mzee aliyekuja na wafadhili. Anajua neno moja tu la lugha yetu, "haraka", na hulitumia kusalimia, kutukana na kuaga. Mafundi wanamwita Mzee Haraka. Leo mtoto mmoja alitoboa nailoni kwa kidole, mzee akafoka mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nimemchukia papo hapo.

11 Machi

Ndege ana jicho. Ni kadi moja tu nyeusi kati ya kadi nyeupe. Ikikosekana ndege ni kipofu, ikitikisika ndege anachekesha. Jicho nimempa mtoto wa marehemu kaka yangu.

Huyu mtoto nakaa naye tangu Januari. Mama yake, wifi yangu, anaishi mbali, na alimleta kwangu kwa sababu hospitali kubwa iko jirani. Ana selimundu. Wenzake wanamwita Njiti, kwa alivyo mwembamba na kichwa kikubwa juu. Siku wifi alipomwacha, alinipa masharti kama anayekabidhi gari la watu: asilowe, asipigwe na baridi, anywe maji kila wakati, na akisema mifupa inauma, "usingoje kukuche, wifi, mkimbize." Nikaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi. Moyoni nikasema, mtoto amelelewa kama yai, kwangu atajua kwamba kuna dunia.

Sikumpa jicho kwa upendeleo. Nimempa kwa sababu hachezichezi, ukimweka anakaa ulivyomweka. Nilipomtaja mbele ya wenzake alinitazama kama haamini.

"Mimi peke yangu, shangazi?"

"Shuleni mimi ni mwalimu."

"Mimi peke yangu, mwalimu?"

Jioni nimemkuta mbele ya kioo changu na kadi yake, ananyanyua, anashusha, ananyanyua.

20 Machi

Mazoezi. Ndege ametokea na bawa moja na mkia kwenye shingo. Bwana Itifaki, aliyekuwa ng'ambo chini ya paa lake, amenipigia simu kuuliza kama tumebadili tukaweka kuku.

27 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mazoezi saa mbili nzima. Tuliporudi nyumbani Njiti alikaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Shangazi, miguu inauma."

"Na yangu inauma. Nimesimama, wewe umekaa."

Akacheka kidogo, akavua viatu. Nikampa kidonge cha maumivu. Akalala bila kula, na mimi nikapata nafasi ya kurudia mchoro wa bawa la kushoto.

3 Aprili

Mwalimu wa hesabu, ambaye naye anakitaka kile kiti ingawa anajifanya hakitaki, amesema mbele ya wote kwamba watoto wanakohoa darasani. Nikamwambia hata wewe unakohoa na hukunyeshewa.

10 Aprili

Leo ndege ametimia mabawa yote mawili na ametimia jicho, lakini ana matundu. Nimeyafuatilia. Kila tundu ni mtoto aliyeomba ruhusa kwenda kukojoa. Vyoo vimefungwa, kwa hiyo anateremka ngazi zote, anatoka getini, anavuka tope mpaka choo cha shule, na akirudi mazoezi yamekwisha. Mmoja akiomba, kumi wanabanwa.

Nimeweka sheria. Siku za mazoezi, hakuna kunywa maji tangu kuamka. Mitungi ya darasani nimeifungia stoo.

Mwalimu mkuu akaja na sura yake ya kuomba radhi. "Mwalimu, watoto watazimia."

"Atakayezimia, atazimia kwenye kiti chake."

Alitaka kucheka, akaona sicheki. Akaondoka. Ndivyo alivyoiendesha shule hii, kwa kuondoka.

13 Aprili

Hakuna tundu hata moja. Bwana Itifaki amepiga makofi kutoka ng'ambo, nimemsikia. Alipovuka kuja kwetu, aliagiza ubao wa kukanyagia, akaniambia taratibu, "Mwalimu, wakubwa wanalisikia jina lako." Kisha akauliza jicho ni nani, maana halikupepesa. Nikamwonyesha Njiti. Akamshika kidevu. Mtoto midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, lakini alitabasamu.

14 Aprili

Wifi amepiga simu.

"Hajambo mwanangu?"

"Hajambo."

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa, wifi. Kwani tuna ukame huku?"

Akacheka, akashukuru. Njiti alikuwa ananisikiliza. Nilipompa simu aliongea habari za jicho tu, mpaka salio la mama yake likaisha.

22 Aprili

Mvua. Nailoni zimeanza kuota ukungu kwa ndani.

29 Aprili

Niandike na hili, maana si kawaida yangu. Namwona huyu mtoto kwa jicho jingine. Nilidhani ni mdeko. Kumbe ana moyo wa chuma. Wale wanene wenye afya wanajikuna, wanapiga miayo, wanauliza saa. Yeye anakaa mvuani, kadi mapajani, ananitazama mimi na filimbi yangu basi. Ningekuwa na mia sita wa namna yake, ningekwenda kufanya halaiki kwa wafadhili huko huko kwao. Sikujaliwa mtoto. Leo nimemnunulia soksi nzito, na nikamsuka nywele mwenyewe.

Wakati namsuka alisema mgongo unauma tangu jana. Nikamwambia akae wima.

11 Mei

Mzee Haraka amegombana na Bwana Itifaki hadharani. Mkalimani alikuwa kati yao, anatokwa jasho. Nilivyoelewa, mzee anataka watoto wakae chini ya paa wakati hakuna wageni, na Bwana Itifaki anasema watachafua mazulia. Nilikuwa upande wa Bwana Itifaki. Watoto wakizoea paa, nani atawarudisha mvuani?

24 Mei

Mazoezi ya mwisho, na mavazi rasmi, fulana nyeupe nyepesi zilizoletwa na wafadhili kwenye maboksi. Mvua ya upepo, inapiga kwa ubavu. Tumekaa tangu asubuhi kwa sababu bendi ilichelewa.

Kabla ya adhuhuri Njiti alininyanyulia mkono. Hajawahi kunyanyua mkono. Nikapanda mpaka kwake.

"Mwalimu, kifua kinauma. Nikivuta pumzi kinauma."

"Bendi imefika getini. Maliza hii moja."

"Ndiyo, mwalimu."

Akamaliza. Nikapuliza, akanyanyua, nikapuliza tena, akashusha. Ndege alikuwa kamili, Bwana Itifaki alisema hajapata kuona. Watoto walipoteremka, yeye hakuteremka. Alikuwa amejikunja kwenye kiti, maji ya nailoni yamemlowesha mpaka kiunoni, anatoa sauti ndogo kama ya paka aliyefungiwa.

Nimembeba mwenyewe mpaka hospitali. Hana uzito. Wamemtundikia maji. Daktari ni kabinti kadogo, kangeweza kuwa mwanafunzi wangu, kakanishika mkono kama mshitakiwa. "Mama, mtoto huyu hapaswi kukosa maji hata siku moja. Hujaambiwa?" Nikamjibu kwamba mimi nina watoto mia sita na yeye ana wodi moja. Haya, anifundishe.

Lakini nimekaa na mtoto hadi giza limeingia. Nimemlisha kwa kijiko.

27 Mei

Jicho nimempa binti wa mwalimu wa hesabu, kwa shingo upande. Ananyanyua akiwa amechelewa, anashusha kabla ya wenzake. Bwana Itifaki amepiga simu. "Mwalimu, ndege wenu anakonyeza." Nikamwambia nitarekebisha. "Rekebisha," akasema, na hakucheka. "Jina lako liko mezani, usinifanye nilitoe."

28 Mei

Wodini. Njiti anakaa, anakula. Maji yametolewa mkononi jana. Daktari anataka abaki mpaka wiki ijayo. Nimemweleza mtoto habari za ndege kukonyeza, kwa kumchekesha tu. Najiambia ilikuwa kwa kumchekesha.

Hakucheka. "Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Nikamtajia.

"Yule hawezi, shangazi. Mimi nimepona. Tazama." Akashuka kitandani, akasimama kwa miguu yote miwili, akanyanyua mikono juu ya kichwa na kuikaza hivyo, bila kadi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akampigia makofi.

29 Mei

Nimemtoa. Mlezi ni mimi. Daktari alikataa, nikamwambia anioneshe sheria. Akasema basi angalau anywe maji, lita nzima na zaidi, na asikae juani wala kwenye baridi. Nikasema jua gani, dada? Tangu Machi nani ameona jua hapa?

Wifi anakuja kesho kutwa. Nimemwambia alikuwa na homa kidogo. Kesho ni ufunguzi.

31 Mei

Naandika ya jana. Herufi zinapanda na kushuka. Bi Mstari wa watu.

Tulipoamka mbingu zilikuwa zimefunguka. Hakuna wingu hata la dawa. Watu barabarani walikuwa wanashangilia jua kama mgeni rasmi. Watoto tuliwaketisha saa nne, nailoni zimetolewa, viti vinang'aa. Hakuna aliyekunywa maji. Njiti alikunywa kikombe kimoja nyumbani, kwa siri yangu na yake, nikamwambia kinatosha. Nilimwambia mimi. Kinatosha.

Wageni waliwasili alasiri, saa kumi. Wakaketi jukwaa kuu, chini ya paa lao, kwenye mazulia yao. Na hapo ndipo ilipoonekana. Jukwaa kuu linatazama machweo. Walilipeleka mgongo barabarani kwa ajili ya nembo, na hakuna aliyefikiri jua la jioni linaingia wapi, na tangu jukwaa liishe hapajawa na jioni yenye jua la kumwonyesha mtu. Jua likapita chini ya paa, likawapiga wageni usoni. Balozi wa wafadhili akaweka mkono machoni. Mkewe akajifunika na ratiba. Mkubwa wetu alikuwa amefumba macho kabisa, anatabasamu hivyo hivyo.

Nikaona viatu vyenye ncha vinakimbia juu ya nyasi. Bwana Itifaki alikuja kwangu jasho likimtiririka. "Tunawahamishia huku. Upande wenu jua liko mgongoni. Toa watoto safu za chini."

"Mkikaa huku, ndege mtamwona vipi?"

"Mwalimu, toa watoto."

Tukatoa wale watoto, ambao kadi zao zilikuwa anga tu chini ya ndege, tukawapandisha juu wakabanana. Wageni wakavuka uwanja mzima na viti vyao na miavuli, wakaketi mbele yetu wakatupa migongo. Bendi ikaanza. Ratiba inasema halaiki, basi halaiki. Nikapuliza.

Ndege alitoka. Kamili, hana tundu, hakonyezi. Mbele yake kulikuwa na jukwaa kuu lenye paa na vioo na hapana mtu, ila mwanamke mmoja mfagizi aliyebaki na ufagio wake. Alisimama. Akaacha ufagio, akapiga makofi peke yake. Balozi akageuka kumuuliza jirani yake mwanamke yule anashangilia nini.

Nikawa nagombana na Bwana Itifaki. Nilimwambia maneno ambayo sijapata kumwambia mkubwa. Miezi mitatu, nilisema, miezi mitatu mvuani, angalau mmoja ageuke atazame. Watoto wakaanza kunong'ona, "Mwalimu, Njiti." Nikawaambia kimya. "Mwalimu, Njiti." Nikageuka. Walimpitisha mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka kwangu.

Macho yalikuwa yamegeuka njano. Alipumua kwa mabega. Nikamkimbiza kwenye korido, kivulini, mbele ya vile vyoo, nikapiga mlango kwa ngumi nikitaka maji. Mlinzi akasema funguo hana. Aliyekuja ni Mzee Haraka. Alitazama mara moja tu, akafungua chupa yake mwenyewe, akamtilia mtoto mdomoni matone matone, akavua koti lake akamfunika. Kisha akambeba, akakimbia naye kwenda kwenye magari huku mimi nyuma, anawapigia kelele madereva, anawapigia kelele polisi, neno lake lile lile, haraka, haraka, haraka, na hakuna aliyeharakisha. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara. Amri ni kwamba hakuna gari wala mtu wa miguu kutoka getini kabla ya balozi, na balozi alikuwa anatazama mpira.

Nilikaa chini ya ukuta, mtoto mapajani. Alinyoosha kidole, akataka niiname.

"Walisemaje? Jicho?"

"Walisema hawajapata kuona," nikamwambia.

Akafurahi. Niliona akifurahi. Mpira ulipokwisha na barabara ikafunguliwa, daktari yule kabinti alimpokea mlangoni, akamgusa shingo, akanitazama. Hakunigombeza. Ningeomba anigombeze.

3 Juni

Tumezika jana. Mvua hakuna.

Nyumba imejaa walimu na majirani. Kila mmoja ananiambia pole, uligharimika, ulimpenda kama wa kwako. Mwalimu wa hesabu amelia kweli. Mzee Haraka alisimama nje ya uzio bila kofia, hakuingia, akaondoka. Bwana Itifaki aliingia, akakaa karibu nami muda unaostahili, na alipoinuka aliniinamia sikioni: jina langu limepita, barua baada ya arobaini, poleni sana.

 Leo watu walipopungua wifi alinishika mkono, akanipeleka chumbani, tukaketi kwenye kitanda cha mtoto.

"Wifi," akasema, "nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Alikwambia anaumwa?"

Alikuwa ananitazama mdomoni. Miguu, mgongo, kifua, yote yalinipitia, na mkono ule aliounyanyua mvuani. Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua kinywa kwa nia hiyo.

"Hapana," nikasema. "Hakusema."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, wifi."

 Uso wake ukageuka, ukawa wa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yangu.

"Nilimfundisha," akasema. "Tangu hajui kufunga kamba za viatu. Nilimwambia ukisikia inauma, sema. Usimwogope mtu, usimwonee mtu haya, mwambie shangazi yako. Nikamrudisha nyuma mara ngapi arudie maneno hayo, na akayarudia. Mbona hakusema?" Akapiga godoro kwa kiganja. "Mkaidi. Mtoto mkaidi. Amejiua mwenyewe kwa ukaidi wake, na mimi ameniacha na nani? Simsamehe, wifi. Mungu anisikie, simsamehe."

Akaupiga mto wa mtoto, akauvuta, akaupiga tena, anamgombeza kana kwamba amesimama mbele yetu. Nikamkumbatia mabega mpaka akachoka. Nikamwambia watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, hawasemi.